Fomu Haina Kisanduku cha Msiba

Maskati, 9 Machi 2002

Khalati Mahbuba,

Kabla ya salamu nakuomba jambo moja. Barua hii isome peke yako, na neno lililomo usimwambie mtu, si mama, ingawa ni dada yako, si majirani, wala yeyote anayesafiri kuja huku. Ukishaisoma, ukiona vyema, ichome. Sijafanya jambo la aibu, usishtuke. Ni kwamba habari za ofisini hazitakiwi kutoka nje, na sote tumetia saini kuwa hatutazitoa.

Assalaam alaykum. Natumai mguu umepungua kuvimba na kwamba ile dawa niliyoituma imefika. Sisi wazima. Ami Saeed amemaliza nyumba ya Mabela na tumekwisha kuhamia, ingawa vyumba viwili havijapigwa rangi na maji tunaletewa kwa gari. Mkewe, Bi Bakhita, anakusalimu. Anasema manjano ya huku hayana harufu, ukipata mtu mpe kidogo alete.

Mimi niko pale pale Ruwi, katika ofisi inayoleta watumishi wa nyumbani. Wanawake wakitoka bara, mimi ndiye ninayesema nao Kiswahili, kisha naandika kwa Kiarabu walichosema.

Ninalotaka kukuuliza ni la maneno tu. Wewe umefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini, na najua wodini mambo kama haya mmeyaona.

Kuna mfanyakazi mmoja, Anjelina, ametoka upande wa Mwanza. Alikuwa na miezi miwili katika nyumba moja. Mwezi uliopita, alipokuwa akimpelekea kahawa bibi wa nyumba, simu ikalia, ikawa ni yake kutoka kwao. Aliambiwa kuwa mwanawe mkubwa, Obedi, mtoto wa miaka sita, amekufa kwa homa na amekwisha kuzikwa. Alipiga kelele. Alianguka chini. Meza ikapinduka, na birika la kahawa likammwagikia mkononi mtoto mdogo wa nyumba ile. Mkono umeungua, lakini utapona.

Imeandikwa karatasi ya ofisini kueleza yaliyotokea, na nakala yake iko polisi. Karatasi inasema Anjelina alishikwa na hayajan. Hilo ni neno la Kiarabu. Husemwa kwa bahari iliyochafuka, kwa ngamia dume anapokuwa hashikiki, na kwa mtu aliyepotewa na akili akawa hazuiliki.

Nataka kujua sisi tungesema nini. Alihamaki? Alitaharuki? Alipandisha? Alirukwa na akili? Nimeyaandika yote pembeni ya gazeti, na kila nikiyasoma naona hakuna linalokaa. Nakuuliza kwa kutaka kujua tu, hakuna jambo jingine.

Mwanao,
Muhsina


Unguja, 2 Aprili 2002

Mwanangu Muhsina,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeisoma peke yangu, mlango nimefunga, na paka nimemtoa. Mguu unakwenda ukirudi. Dawa imefika, lakini maelezo yake ni ya Kihindi, basi nnakunywa kwa kukisia. Mama yako hajambo. Mvua zimeanza na bati la jikoni linavuja pale pale linapovuja kila mwaka.

Sasa haya maneno yako. Umenipa kama mtu anayenunua nguo ya kumvisha asiyemjua.

Kuhamaki ni hasira inayotangulia akili, na mwenye kuhamaki ana mtu wa kumhamakia. Huyo alimhamakia nani, simu? Kufoka ni kwa mdomo. Chungu cha wali kinafoka, lakini hakitoki mekoni kwenda kumpiga mtu. Ghadhabu si jambo la ghafla hata kidogo, ghadhabu hukaa na mtu, ikala naye na ikaamka naye. Jazba nimeiona kwa wanaume kwenye dhikiri na kwenye mpira, nao wakizindukana huwa wanacheka. Kupandisha ni kwa mwenye pepo, na pepo ana haja yake, atataka ubani, atataka pete. Huyo alitaka nini? Kiwewe ni mtu kutojua tena mlango uko wapi. Kutaharuki kunakaribia, lakini hata kuku hutaharuki. Na kurukwa na akili, mwanangu, ni habari ya siku nyingi. Hairuki saa nne ikarudi saa nne na robo.

Huyo uliyenieleza aliangua kilio. Tunasema kuangua kwa sababu kilichokuwamo kimekuwa kikubwa kuliko ganda. Watu wa bara wanalia kwa mwili mzima, mikono kichwani, wanajitupa chini, wanagaagaa. Nimewaona wodini mara nyingi. Mara ya kwanza nilikimbia kumwita daktari. Metroni akanishika mkono akaniambia, "Kaa, binti. Huyo anafanya kazi yake." Sisi tunafundishwa kujizuia, na tunadhani asiyejizuia ana maradhi.

Lakini nnataka kukupa jambo jingine lililo bora kuliko neno. Zamu ikibadilika tulikuwa tunaandika daftari, wanaoingia wasome tuliyoyaona. Metroni alikataza maneno kama haya yako. Ukiandika "mgonjwa mkali," wanaokuja wataingia na kamba hata kama amelala. Alitutaka tuandike miguu ilifanya nini, mikono ilifanya nini, mdomo ulisema nini, na baada ya dakika tano ikawaje. Hilo la dakika tano ndilo lenye kila kitu.

Basi nnakuuliza. Baada ya dakika tano alifanya nini?

Na jengine. Umesema "imeandikwa karatasi." Karatasi haijiandiki. Imeandikwa na nani?

Khalati yako,
Mahbuba


Maskati, 20 Aprili 2002

Khalati yangu,

Assalaam alaykum. Sote wazima. Chumba kimoja kimepigwa rangi. Joto limeanza mapema mwaka huu. Bi Bakhita amepata manjano kwa jirani, kwa hiyo usihangaike.

Karatasi niliiandika mimi.

Nimeanza barua hii mara tatu na mara zote tatu nilipofika hapo nilichana. Sasa nimeandika na siirudii.

Anjelina alinieleza kila kitu, siku ile ile, akiwa bado ana kahawa kwenye gauni. Aliweka mikono kichwani, akapiga yowe, akajitupa chini. Mguu wake ndio uliopiga meza. Aliposikia mtoto analia aliinuka, akambeba, akampeleka jikoni na kuushikilia ule mkono chini ya maji ya bomba. Alimshikilia hivyo mpaka gari ilipokuja, na huku mwenyewe analia. Hiyo ndiyo dakika ya tano uliyoniuliza, khalati. Sikuiandika.

Nilimpelekea mkubwa wangu, Bwana Marhoon, kurasa mbili. Si mtu mbaya. Hunipa chai, na huniuliza habari za ami, kwani ni rafiki yake na ndiye aliyeniombea kazi hii. Alizitazama kurasa bila kuzishika.

"Ni marefu haya. Fomu ina mistari miwili."

Nikamwambia, "Amefiwa na mtoto."

"Mungu amrehemu. Kwenye fomu msiba uko wapi? Nionyeshe."

Nikaitazama. Fomu ya kurudisha mfanyakazi ina visanduku vinne. Ugonjwa wa mwili, ugonjwa wa akili, kukataa kazi, kutoroka.

"Ametoroka?"

"Hapana."

"Amekataa kazi?"

"Hapana."

"Mwili wake mgonjwa?"

"Hapana."

"Basi umebaki na kimoja, binti yangu. Mwenye nyumba anataka mfanyakazi mwingine kabla ya Jumamosi, na mkataba unataka sababu. Andika hayajan, tia alama, tukale."

Nikaandika hayajan, nikatia alama. Tukaenda kula.

Nilidhani atarudishwa kwao na mambo yamekwisha. Lakini kwa sababu mtoto aliumia, nakala moja ilikwenda polisi, nyingine kwa daktari wa akili, na ya tatu itakwenda kwa wakala Dar es Salaam, naye huwapa watu wa nyumbani kwa mfanyakazi. Anjelina ana mtoto mwingine, Belinda, wa miaka mitatu, anayelelewa na mama mkwe. Mume amekufa. Wakwe hawakutaka aje huku tangu mwanzo. Ameniambia, "Dada Muhsina, wale wakipata karatasi inayosema mimi ni kichaa, Belinda simwoni tena. Kichaa hapewi mtoto."

Yuko katika chumba nyuma ya ofisi, pamoja na wengine wanaongoja kusafiri. Halii tena. Anafagia bila kuambiwa. Kila asubuhi nikipita ananiuliza swali lile lile. "Dada, ile ya bomba umeiandika?"

Nami kila asubuhi namjibu nimeiandika.

Polisi watafunga faili mwisho wa Mei. Nikienda kusema karatasi si ya kweli, nitakuwa nimekiri kuwa niliandika uongo kwa saini yangu. Kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu, ni ofisi hiyo hiyo. Ikinifukuza sina kibali cha kukaa, na ami ataaibika mbele ya rafiki yake. Niambie la kufanya. Au usiniambie. Sijui.

Muhsina


Unguja, 16 Mei 2002

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Barua yako ya tarehe 20 Aprili nimeipata juzi. Bahasha ilikuwa imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi ya kahawia. Posta yetu hawana gundi hiyo, na wala hawana hima hiyo. Wewe barua zako unazitia kwenye mfuko wa barua za ofisi? Kama ndivyo, aliyetaka kusoma amekwisha kusoma. Hii nnampa mke wa Talal, jirani yangu, anasafiri Jumapili. Atakuletea mkononi.

Mguu uko vilevile. Bati wameliziba.

Unataka nikwambie la kufanya. Sikwambii, kwa sababu kibali ni chako na mimi sitakuwapo siku ya kukufukuza. Nitakueleza langu tu.

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka ishirini na minne. Usiku mmoja aliletwa mwanamke aliyefiwa na mumewe baharini, maiti haijapatikana. Alikuwa amevunja vioo vya kabati la nyumba yao na mikono yake ilikuwa damu tupu. Nilimjua. Wodi ilikuwa imejaa, nilikuwa peke yangu, na nilimwogopa kwa sababu nilimjua na sikupata kumwona vile. Metroni hakuwapo. Nikaandika kwenye daftari neno moja, "mkali." Sikuandika kuwa baada ya kufungwa vitambaa alikaa kimya akaomba maji.

Zamu ya asubuhi wakaingia na kamba. Neno langu likamfuata kutoka daftari hili mpaka daftari lile, na kila aliyelisoma aliliamini kuliko alivyomwamini yeye. Alikaa miezi saba mahali ambapo hakustahili kukaa siku saba. Mtoto wake wa miaka miwili akalelewa na bibi yake. Nilikuwa na nafasi ya kwenda kusema. Kila wiki nilikuwa nayo. Sikwenda, nami sikuwa na kibali cha kupoteza, nilikuwa na haya tu.

Jina lake siandiki.

Mama yako hajambo, anakusalimu sana. Hajui nnakuandikia nini, na nnataka abaki hajui.

Mahbuba


Maskati, 22 Juni 2002

Khalati yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mke wa Talal alinikabidhi barua yako mkononi, pamoja na manjano, ambayo nilikuambia usihangaike nayo. Ahsante. Mimi mzima. Habari za nyumba ya Mabela sizijui kwa sasa, nitakueleza kwa nini.

Mimi nililelewa na bibi mpaka nilipoingia skuli. Sikuulizi kitu, khalati.

Barua yako niliisoma kwanza nikiwa nimesimama, halafu nikakaa. Asubuhi ya pili, tarehe 25 Mei, niliandika maelezo mapya. Nilifanya kama alivyokuwa akitaka metroni wako: miguu, mikono, mdomo, dakika ya tano. Hakuna mahali nilipoandika hasira wala wazimu wala huzuni. Nilipomaliza nilikwenda kwenye kile chumba cha nyuma nikamwambia Anjelina kuwa nilimdanganya kila asubuhi kwa miezi mitatu. Aliegemeza ufagio ukutani. Kisha akasema, "Nilijua, dada. Mtu aliyeandika hapiti mbio vile." Akanitengenezea kola ya gauni na kuniambia niende kabla hapajawa na watu wengi.

Nilipanda teksi mpaka kituoni. Nilijikunyata kitini mpaka dereva akazima kipoza hewa, akidhani nasikia baridi.

Faili lilikuwa kwa askari mmoja aitwaye Thabit. Alipoliona jina langu alinisemesha Kiswahili, mama yake ni wa Wete. Akayasoma maelezo yote mawili, ya zamani na mapya, akayaweka sambamba.

"Hii ya kwanza saini ya nani?"

"Yangu."

"Na hii?"

"Yangu."

"Sasa wewe uliongopa lini, Februari au leo?"

"Februari."

"Nani kakulazimisha?"

Nilikuwa nimelifikiria swali hilo njia nzima. Nikamwambia, "Niliambiwa niandike. Kalamu niliishika mimi."

Akasugua macho. "Dada yangu, mimi lazima juu ya faili niandike ni jambo gani. Hukuandika kahamaki, hukuandika karukwa na akili. Unaliita nini?"

"Aliangua kilio. Amefiwa."

"Hilo si kosa."

"Ndiyo."

"Na si maradhi."

"Ndiyo."

Akacheka kidogo, lakini si kwa furaha. "Utaniharibia faili zuri." Kisha akanyanyua simu akampigia mama wa yule mtoto, Bi Sayyida, akamwomba aje. Alikuja siku ya pili na mumewe, nami niliitwa. Mume ndiye aliyekuwa ametoa habari mara ya kwanza, ingawa siku ile alikuwa kazini. Thabit akamwuliza mke, ni nani aliyempeleka mtoto bombani?

Bi Sayyida alimtazama mumewe, kisha akatazama chini. "Yeye. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti napiga kelele. Kama kuna aliyerukwa na akili siku ile, ni mimi."

Mume akasema, "Hukuniambia hivyo."

"Hukuniuliza. Uliuliza nani kamwaga kahawa."

Hapo kwa Anjelina mambo yakalegea. Daktari aliandika kuwa hana ugonjwa. Fomu ya kurudisha ikafutwa, ikaandikwa nyingine, na kwa kuwa msiba hauna kisanduku, Thabit alisisitiza uandikwe kwa mkono chini ya visanduku na kupigwa mhuri. Nakala ya Dar es Salaam ni hiyo. Alisafiri tarehe 8 Juni. Hakupewa mshahara wa mwezi wa mwisho na hakuudai, alitaka ndege tu.

Kwangu hayakulegea. Bwana Marhoon alinisubiri mlangoni. Hakuonekana kushangaa, nami nikakumbuka ile gundi.

"Khalati yako huyo ni daktari?"

"Muuguzi."

"Mwambie kamponya mmoja kamuua mwingine. Chai yangu umekunywa miaka miwili, Muhsina."

"Ndiyo, bwana."

"Weka funguo mezani."

Thabit ameandika kuwa nilikuja kwa hiari yangu, kwa hiyo sitashtakiwa, lakini nimetia saini onyo. Nina mpaka tarehe 31 Julai kupata kafili mwingine, la sivyo narudi Unguja. Ami Saeed hakufoka. Nilitamani afoke. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nyumba ile ina heshima yake, akapanda juu, na toka siku hiyo haniitikii salamu. Hiyo ndiyo ghadhabu, umeieleza sawasawa. Bi Bakhita amenipeleka Sidab kwa mama yake, bibi mmoja asiyesikia vizuri, nami namsomea magazeti na kumpimia sukari. Hapa nalala. Bado naogopa. Nilidhani nikishasema hofu itaniacha, lakini nipo nayo, ila sasa napata usingizi.

Anjelina amepiga simu mara moja kutoka Mwanza, Ijumaa iliyopita. Wakwe wamechukua karatasi, wametafuta mwalimu awasomee Kiarabu, na bado hawajamtoa mtoto. Belinda alimwona mlangoni, kwa mbali, ameshikwa mkono na bibi yake. Wazee wa ukoo watakaa Alhamisi kuamua. Aliniuliza kama ule mhuri ni wa kweli. Nikamwambia ni wa kweli. Safari hii sikudanganya.

Sasa sikiliza namna ya kunipata. Usiandike tena kwa sanduku la posta la ofisi, wala kwa Mabela. Andika kwa Abdulrazak, mwenye duka la vyakula chini ya nyumba hii, sanduku lake nimeliandika nyuma ya bahasha. Juu andika jina langu kamili, usifupishe. Ukipata simu ya kuazima, nambari ya duka iko hapo hapo. Piga asubuhi, sema unamtaka Muhsina wa juu, kisha ungoje, usikate, maana ngazi ni nyingi nami nashuka mbio. Siku yoyote piga, isipokuwa Ijumaa. Ijumaa kuanzia saa kumi za huku, ambazo ni saa tisa zenu, nakaa dukani mwenyewe mpaka magharibi, na simu hiyo naiacha wazi kwa ajili ya Mwanza.

Mwanao,
Muhsina